Trekta Mpya na Hati ya Dhamana: Sevisi Ifanywe na Wakala au na Gereji ya Mjini?

Mkulima, siku ile trekta mpya inaposhushwa kutoka kwenye lori na kuingia shambani kwako, watu wengi huja kuitazama. Watoto hupanda kitini, wazee huzunguka wakipiga magurudumu kwa fimbo, na jirani huuliza utaanza kulima kwa nani. Lakini kipo kitu kingine chenye thamani kubwa ambacho hakitazamwi na mtu. Ni zile karatasi zilizofungwa katika mfuko wa nailoni: hati ya dhamana, ambayo wengi huiita waranti, pamoja na kitabu cha sevisi. Mara nyingi mfuko huo hutupwa kabatini, au huachwa chini ya kiti cha trekta mpaka panya wautafune.

Makala haya yanahusu karatasi hizo, na swali moja ambalo wakulima wengi wenye trekta mpya huuliza: wakati wa dhamana, je, sevisi ni lazima ifanywe na wakala wa kampuni aliyekuuzia, au unaweza kuipeleka kwenye gereji ya kawaida iliyo karibu nawe?

Swali hili si dogo. Mashamba mengi ya makazi, tangu yale ya mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, ni ya ekari chache. Mkulima wa Lugari, Sotik au Kinangop anayenunua trekta, peke yake au pamoja na wenzake katika chama cha ushirika, kwa kawaida huinunua kwa mkopo. Hulima shamba lake kwa siku chache, kisha hulima mashamba ya majirani kwa malipo ili alipe deni. Trekta hiyo ikisimama katika mwezi wa Machi, hasara ni tatu kwa pamoja: gharama ya kuitengeneza, malipo ya majirani yaliyopotea, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa. Na mkopo hausimami hata kama trekta imesimama.

Katika jambo hili watu husema maneno mawili, na yote mawili yana makosa. Wengine husema, "Fundi wa nje akigusa bolti moja tu, dhamana imekufa." Wengine husema, "Dhamana ni ujanja wa wafanya biashara, haimsaidii mtu." Yafaa tuyachunguze mambo polepole.

DHAMANA NI KITU GANI?

Dhamana ni ahadi iliyoandikwa. Mwenye kutengeneza trekta, au wakala wake, anakuambia hivi: "Ikiwa chombo hiki kitaharibika kwa sababu ya chuma kibovu au kazi mbovu ya kiwandani, katika muda fulani, nitakitengeneza bila kukudai fedha." Muda huo huandikwa kwa miezi, au kwa saa za kazi zinazoonyeshwa na mita ya trekta, au kwa vyote viwili, na kile kinachotimia kwanza ndicho kinachomaliza dhamana. Kwa gari la piki-apu huhesabiwa miaka na kilomita.

Angalia vizuri maneno hayo. Dhamana si bima. Trekta ikianguka mtaroni, dhamana haihusiki. Dereva akiweka mguu juu ya klachi mchana kutwa mpaka ikaungua, dhamana haihusiki. Vitu vinavyolika kwa matumizi, kama vile oili, filta, bitana za breki na klachi, kwa kawaida havimo. Magurudumu na betri mara nyingi huwa na dhamana zao mbali. Tena hati nyingi husema wazi kwamba kampuni haitalipa hasara ya mazao wala siku ulizokaa bila kulima.

Ahadi hiyo ina sharti. Wewe nawe unaahidi kuitunza trekta kama kitabu kinavyoagiza: sevisi kwa wakati wake, oili ya namna iliyotajwa, na vipuri vinavyofaa. Usipotimiza upande wako, yeye hupata sababu ya kukataa kutimiza wake.

MAMBO MAWILI YASICHANGANYWE

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuna sevisi, na kuna matengenezo ya dhamana. Haya ni mambo mawili mbalimbali.

Sevisi ni kazi ya kawaida ya kutunza: kubadilisha oili na filta, kupaka grisi, kukaza bolti, kurekebisha klachi na breki. Sevisi unailipia wewe, trekta ikiwa ndani ya dhamana au nje yake.

Matengenezo ya dhamana ni kazi ya kuondoa kasoro iliyotoka kiwandani, kwa mfano giaboksi inayovuja au pampu ya haidroli isiyoinua plau. Kazi hii hulipiwa na kampuni. Kwa hiyo ni lazima ifanywe na wakala au na fundi aliyeidhinishwa naye. Hapa hakuna cha kuchagua. Ukimruhusu fundi wa sokoni afungue giaboksi mpya, hata kama ni fundi hodari kuliko wote wilayani, umejiondolea haki yako mwenyewe, kwa maana hakuna atakayeweza kujua tena kama kasoro ilitoka kiwandani au ilitoka kwa fundi huyo.

Basi swali letu la wakala au gereji linahusu sevisi peke yake.

SEVISI YA KWANZA

Kwa trekta nyingi, sevisi ya kwanza hufanywa mapema sana, mara nyingi katika saa 50 za kazi. Mkulima huona haya ni matumizi ya bure. Oili bado ni mpya, kwa nini imwagwe?

Sababu ni hii. Injini na gia mpya zinapoanza kufanya kazi, vyuma husuguana mpaka vikazoeana. Katika kusuguana huko vumbi jembamba la chuma hutoka na kuingia katika oili. Filta hukamata sehemu yake, na sehemu nyingine huendelea kuzunguka pamoja na oili ikikwaruza beringi. Oili ile ikiachwa humo, unatia mchanga katika mashine uliyokopea fedha. Tena bolti za magurudumu na za sehemu nyingine hulegea katika saa za kwanza, na ni lazima zikazwe kwa kipimo.

Sevisi hii ya kwanza ifanywe na wakala, bila ubishi. Wapo mawakala ambao hawatozi malipo ya kazi kwa sevisi hiyo, hudai bei ya oili na filta tu. Uliza kabla ya kununua. Fundi wa wakala akija, dereva wako naye awepo. Amwulize kila kitu: grisi hutiwa wapi, maji hutolewa wapi katika filta ya dizeli, filta ya hewa husafishwaje. Hilo ni darasa ambalo umekwisha kulilipia.

SOMA HATI KABLA YA KUAMUA

Kwa sevisi zinazofuata, jibu limo ndani ya hati yako. Hati hazifanani. Chukua karatasi zako leo, keti mezani, nawe utafute majibu ya maswali haya manne. Kama Kiingereza chake ni kigumu, mwombe mtoto wako aliyesoma, mwalimu, au afisa wa kilimo akusomee polepole.

1. Je, hati inasema sevisi ifanywe na "wakala aliyeidhinishwa" peke yake? Au inasema tu kwamba ifanywe kwa wakati na kama kitabu kinavyoagiza?

2. Je, inataja ni lazima kutumia vipuri vya kampuni yenyewe, au inataja kipimo tu, kwa mfano oili ya daraja fulani?

3. Ni muhuri na karatasi gani zinazotakiwa ili kuthibitisha kwamba sevisi ilifanywa?

4. Je, kasoro ikionekana, ni lazima uitangaze katika muda wa siku ngapi?

Ikiwa hati inasema wazi kwamba sevisi ifanywe na wakala peke yake, basi fanya hivyo mpaka dhamana iishe. Usijaribu njia ya mkato. Ikiwa haisemi hivyo, mlango wa gereji uko wazi, lakini una masharti, nasi tutayaeleza hapa chini. Na ikiwa maneno hayaeleweki, mwandikie wakala barua au ujumbe wa simu: "Trekta yangu ni namba fulani. Je, naweza kufanyiwa sevisi ya saa 250 na gereji nyingine nikitumia oili na filta zenu, bila kupoteza dhamana?" Lihifadhi jibu lake. Neno alilokuambia muuzaji kwa mdomo siku ya kununua halitakusaidia siku ya ubishi. Pengine yeye mwenyewe atakuwa amekwisha kuacha kazi.

Huenda umesikia kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo kwamba kampuni haina ruhusa ya kumlazimisha mwenye gari kwenda kwa wakala. Ni kweli kwamba Marekani ina sheria ya mwaka 1975 juu ya dhamana za bidhaa za watu wa nyumbani yenye shabaha hiyo, na Afrika Kusini ilitoa miongozo ya namna hiyo kwa magari iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Lakini sheria ya nchi nyingine haikulindi wewe uliye Kenya. Hapa, kitakachotazamwa kwanza ni hati uliyoitia sahihi.

UZURI NA UBAYA WA KILA UPANDE

Wakala ana mambo matatu mema. Mafundi wake wamefundishwa juu ya trekta ile ile. Ana vipuri halisi na vyombo maalum vya kupimia. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya sevisi hukaa kwake mwenyewe, kwa hiyo siku ya kasoro hawezi kudai kwamba sevisi haikufanywa. Ubaya wake ni bei, umbali, na kungoja. Katika miezi ya kulima kila mtu humwita fundi huyo huyo, nawe unaweza kungoja siku kadhaa.

Gereji ya karibu hukujia upesi, bei yake ni nafuu, na fundi anakujua kwa jina. Ubaya wake ni kwamba gereji hazilingani. Ipo yenye fundi aliyehitimu, karakana safi na risiti. Ipo pia ambayo ni mti wa kivuli na sanduku la spana. Fundi wa namna ya pili anaweza kuwa na mkono mwema, lakini hana karatasi, na kwa habari ya dhamana, kazi isiyo na karatasi ni kama haikufanywa.

PIGA HESABU

Usiamue kwa hasira ya bei. Chukua penseli. Tunatoa hesabu hii kwa mfano tu. Wewe weka bei za mahali pako.

Tuseme trekta yako ina dhamana ya mwaka mmoja au saa 1,000, nawe huitumia saa 800 kwa mwaka. Kitabu kinaagiza sevisi katika saa 50, 250, 500 na 750. Ya kwanza tumekwisha kusema ni ya wakala. Zinabaki tatu. Tuseme kwa wakala kila moja ni Sh. 28,000, na safari ya fundi kukujia ni Sh. 8,000, jumla Sh. 36,000. Gereji ya karibu inataka Sh. 21,000. Tofauti ni Sh. 15,000 kwa kila sevisi, na kwa sevisi tatu ni Sh. 45,000.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme kuifungua injini na kuitengeneza upya ni Sh. 350,000. Ikiwa hati yako inadai wakala, basi ukienda gereji unaokoa Sh. 45,000 na kuhatarisha Sh. 350,000, pamoja na msimu mzima wa kulima. Hilo si shauri la mtu mwenye busara. Lakini ikiwa hati yako inakubali fundi yeyote aliyehitimu, na karatasi zako ni kamili, zile Sh. 45,000 ni zako kwa halali, nazo zinaweza kununua mifuko kadhaa ya mbolea.

Usisahau umbali. Mwenye trekta aliye kilomita 50 kutoka kwa wakala, akiamua kuiendesha mwenyewe barabarani kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, atatumia saa nne kwenda na kurudi. Dizeli inateketea, magurudumu ya shambani yanalika juu ya lami, na mita inaongeza saa nne bila hata mfereji mmoja kulimwa. Mara nyingi ni nafuu kumlipa fundi aje. Tena ni nafuu zaidi wenye trekta watatu au wanne wa mtaa mmoja wakipatana, wamwite fundi wa wakala siku moja, na kugawana gharama ya safari. Jambo hili linafaa sana kwa vyama vya ushirika.

UKICHAGUA GEREJI

Kama hati inakuruhusu, shika mambo haya sita.

Kwanza, mchague fundi kabla ya haja. Mwulize amesomea wapi na ametengeneza trekta gani za namna ya yako. Tazama karakana yake. Mahali penye oili iliyomwagika na vumbi kila upande si mahali pa kufungua filta ya dizeli.

Pili, nunua oili na filta mwenyewe, kutoka kwa wakala au duka linalojulikana, na uchukue risiti. Filta bandia hufanana na halisi kwa rangi na sanduku, lakini karatasi yake ya ndani huwa dhaifu, na uchafu hupita. Biashara ya vitu bandia ni kosa kwa Sheria ya mwaka 2008 ya Kupinga Bidhaa Bandia, lakini bandia bado zipo sokoni. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, jihadhari.

Tatu, dai risiti ya kazi yenyewe. Iwe na tarehe, saa za mita, namba ya trekta, kazi iliyofanywa, na oili na filta zilizotumiwa kwa majina na namba zake.

Nne, kitabu cha sevisi kitiwe muhuri na sahihi ya gereji siku ile ile. Usingoje kesho.

Tano, piga picha kwa simu yako: mita ya saa, makopo ya oili, masanduku ya filta, na fundi akiwa kazini. Picha hizo zihifadhi mpaka dhamana iishe.

Sita, fundi asiguse kitu kilicho nje ya sevisi. Hasa asiguse pampu ya dizeli. Pampu hiyo hufungwa kwa waya na lakiri kiwandani ili isirekebishwe ovyo. Wapo mafundi wanaokata lakiri ili "kuongeza nguvu." Lakiri ikikatika, fundi wa wakala ataiona kabla ya kuona kitu kingine chochote, na dai lako litaanguka hapo hapo.

UKICHAGUA WAKALA

Usifikiri kwamba kwa wakala huna haja ya kuwa macho. Simama karibu wakati wa kazi. Hakikisha filta zimebadilishwa kweli, usitie sahihi karatasi ya kazi kabla kazi haijaisha, na hakikisha kitabu chako kimepigwa muhuri. Ukiambiwa fundi atachelewa, nawe saa za mita zimekaribia, peleka ombi lako kwa maandishi na uhifadhi nakala. Ikiwa sevisi ya saa 250 itafanywa katika saa 290 kwa sababu fundi hakuja, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kosa lilikuwa la nani. Kwa hiyo piga simu mapema, usingoje mita itimie.

Na kabla ya kununua trekta yoyote, uliza wakala ana karakana wapi na mafundi wangapi upande wenu. Hata mawakala wakubwa wamewahi kufunga milango yao. Ahadi ya miaka miwili haina maana ikiwa mwenye kuitimiza yuko mbali kiasi cha kutofikika.

KAZI AMBAYO SI YA WAKALA WALA YA GEREJI

Ipo kazi ya kila siku, nayo ni ya dereva. Madai mengi ya dhamana yanaweza kuangushwa na uzembe wa shambani, hata kama sevisi zote zilifanywa sawasawa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, dereva apime oili na maji ya rejeta. Atazame filta ya hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la haro huziba filta upesi, na filta ikipasuka, vumbi huingia na kusugua pistoni kama msasa. Filta kavu ya karatasi isisafishwe kwa petroli wala dizeli. Isafishwe kama kitabu kinavyoeleza, na ikichakaa ibadilishwe.

Dizeli inunuliwe kituo cha kuaminika na risiti ihifadhiwe. Kama unaweka dizeli katika pipa, liache litulie usiku kucha kabla ya kuteka, na usiteke ya chini kabisa. Jaza tangi jioni baada ya kazi, kwa sababu tangi tupu hukusanya unyevu wa usiku, na maji ni adui wa pampu na nozeli. Uharibifu uliotokana na dizeli chafu au vumbi haumo katika dhamana, na fundi mwenye macho huutambua.

Mwenye trekta na awe na daftari dogo. Kila siku aandike tarehe, saa za mita, dizeli iliyotiwa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Daftari la Sh. 50 limekwisha kusaidia mtu kuliko maneno mengi.

TREKTA IKIHARIBIKA NDANI YA DHAMANA

Simamisha kazi mara moja. Usimalize mraba uliobaki. Ukiendelea kulima huku taa ya oili inawaka, kasoro ndogo ya kiwanda itageuka kuwa uharibifu mkubwa ulio juu yako.

Usiruhusu mtu kufungua kitu. Mpigie wakala simu, kisha umpelekee ujumbe wa maandishi siku ile ile ukitaja namba ya trekta, saa za mita na kilichotokea. Fundi wake akija, mpe kitabu cha sevisi, risiti na daftari. Yeye atatazama mita, mihuri, oili, filta na lakiri, atapiga picha, na kuandika taarifa. Omba nakala ya taarifa hiyo.

Wakikataa dai, waambie waandike sababu. Usikubali kuambiwa tu, "Mliipeleka gereji nyingine." Uliza: kasoro hii imeletwa vipi na sevisi ile? Na ni kifungu gani cha hati kinachokataza? Mtu aliyebadilishiwa oili na filta zinazofaa, kwa wakati wake, na kisha chuma cha ekseli kikapasuka, ana haki ya kupewa maelezo.

Usiogope kudai haki yako. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidi alichonunua, na haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Ikiwa mazungumzo yameshindikana na madai hayapiti Sh. 1,000,000, unaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Lakini hakimu naye atakuuliza neno lile lile: karatasi ziko wapi?

KWA UFUPI

Kata maneno haya uyabandike ukutani, mahali trekta inapolala.

Matengenezo ya kasoro ndani ya dhamana: wakala peke yake.
Sevisi ya kwanza: wakala.
Sevisi zinazofuata: kama hati inavyosema. Ikidai wakala, nenda kwa wakala. Isipodai, gereji njema yaweza kutumika, oili na filta zikiwa halisi na karatasi zikiwa kamili.
Dhamana ikiisha: chagua upendavyo, lakini usiache sevisi.
Siku zote: tarehe, saa za mita, risiti, muhuri.

Mwisho, mkulima, ule mfuko wa nailoni utoe kabatini jioni hii. Tafuta tarehe ambayo dhamana yako itaisha, na uiandike kwa herufi kubwa katika jalada la daftari. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, mwite fundi wa wakala aipime trekta yote, kila mvujo na kila mlio, na umwambie aandike alichokiona. Kasoro iliyoandikwa kabla ya siku ya mwisho ina wa kuilipia. Iliyoonekana siku moja baadaye ni yako.